Kabati la Eva na Goti la Agustino

Kidole gumba kilichokuwa kinamuuma Agustino Qamara kililiwa na fisi mwaka uliotangulia. Kijiji kizima cha Gehandu kilijua hivyo, na mwenyewe alijua, ila kujua hakukumsaidia kitu. Kila alasiri, akishamaliza chai yake, kidole kile kilianza kujikunja, vile vingine vinne vikafuata, na unyayo wote ukabanwa kama uko kwenye jiriwa la fundi baiskeli. Agustino aliinama kuushika, mkono ukashika hewa. Mguu wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti.

Kabla hajawa mtu wa mguu mmoja, alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Wenzake walilima na maksai, shamba likatoka limepinda kama nyoka aliyepigwa. Yeye alishika plau, akamfokea maksai wake Waziri, akambembeleza Tajiri mwenzake, na mstari ukaenda mpaka mwisho wa shamba bila kutikisika. Watu walimwita alime hata mashamba ya kijiji cha Dirma. Alijisifu, ndiyo. Mwanaume akiwa na kitu kimoja anachokijua vizuri, lazima wote wakisikie.

Zamani, mazao yaliposubiri lori la ushirika, hakuna aliyekimbia, kwa sababu lori lenyewe halikukimbia. Biashara ilipofunguliwa wakaja wanunuzi na Fuso zao na mizani yao, na aliyefika wa kwanza ndiye aliyeuza vizuri. Agosti ya mwaka 2008 Agustino alipakia mbaazi kwenye mkokoteni, akamwona jirani yake yuko mbele, akachapa maksai. Pale korongoni gurudumu likapanda jiwe, mkokoteni ukalala ubavu, na mguu ulikuwa chini yake.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali siku ileile. Agustino alikaa nyumbani siku nne akiumwagia kidonda mafuta ya breki, kwa kuwa dereva mmoja alimwambia yanakausha. Siku ya tano nzi walijua kilichoharibika kabla yake.

Mguu ulipokatwa, mdogo wake Nikolausi alikwenda kuuchukua, maana kiungo cha mtu huzikwa kwao. Akautia kwenye katoni ya mafuta ya kula, akauzika pembeni ya zizi. Ardhi ilikuwa kavu, Nikolausi alikuwa mvivu, na shimo likawa la kumfaa kuku. Maumivu yalipozidi, wazee walisema mguu umezikwa umekunjwa, ndiyo maana vidole vinajikunja, ufukuliwe, unyooshwe. Wakafukua. Wakakuta kipande cha katoni na nyayo za fisi.

Nikolausi aliliangalia lile shimo, akakuna kichwa. "Kaka, labda ndiyo maana unasema unatafunwa."

Agustino alimrushia gongo lake moja, akabaki ameshikilia uzio.

Siku ile aliamua. Kama maumivu yako mguuni, basi mguu upunguzwe. Angerudi hospitali wakate juu ya goti, waondoe na goti lenyewe, amalizane nao.

"Na ukija kuumwa kichwa?" mkewe Juliana alimwuliza.

Agustino alijua anachosema mkewe. Waganga wa hospitali walikuwa wamemwambia waziwazi: mwenye goti lake anaweza kuvalishwa mguu wa bandia na akatembea hata nyuma ya plau. Asiye na goti, hasa wa umri wake, ajiandae kukaa kwenye kiti afukuze kuku. Lakini mtu ambaye hajalala miezi tisa, hata kuku anawaona ni kazi nzuri.

Juni ya mwaka 2009 walipanda basi mjini Katesh mpaka hospitali ya misheni. Daktari alimsikiliza, akaligusa goti, akasema kisu hakiondoi maumivu ya namna hiyo, na mara nyingine huyaongeza. Akawaelekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Humo walimkuta binti mwembamba wa Kimbulu, jina lake Hilda, amevaa koti jeupe lililomzidi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kukatwa," alisema Agustino.

"Sawa mzee. Kwanza pandisha suruali mpaka juu ya magoti."

Agustino alimtazama mkewe kuomba msaada. Juliana akatazama dirishani. Akapandisha.

Hilda alivuta kioo kirefu chenye miguu ya mbao, akakisimamisha katikati ya mapaja yake, uso wa kioo ukielekea mguu wa kulia, ule mzima. Kile kipande cha kushoto kikafichika nyuma yake.

"Mzee, una simu?"

"Anayo mwanangu Maxi."

"Ukipiga namba haipatikani, unafanyaje?"

"Napiga tena."

"Bado haipatikani?"

"Napiga tena na tena. Natukana."

"Basi kichwa chako ndicho kinachofanya hivyo. Kinaupigia mguu, mguu haupokei. Kinapiga kwa nguvu zaidi. Zile kelele ndizo maumivu yako."

"Utapokeaje na uko tumboni mwa fisi?" alisema Juliana.

Hilda aliuma mdomo asicheke mbele ya watu wazima. "Kioo kitapokea badala yake. Mzee, tazama humo. Usiangalie pengine."

Agustino alitazama, na mdomo ukabaki wazi. Palikuwa na miguu miwili. Ule wa kushoto ulikuwa umerudi, na ukucha wake, na vumbi la Gehandu kwenye kisigino.

"Kunja vidole vya kulia. Sasa vikunjue. Na hivyo vya kushoto vikunjue pamoja navyo, ndiyo, hivyo visivyokuwepo. Pole pole."

Alikunjua. Jasho lilimtoka kama anayeinua gunia. Mle kwenye kioo vidole vya kushoto vilinyooka kimoja kimoja, na mara lile jiriwa lililombana miezi tisa likalegea nusu mzunguko.

"Mama Maxi," alisema kwa sauti ndogo, "umefunguka."

Hilda hakumpa maneno matamu. Alimwambia wapo wanaopona, wapo wanaopata nafuu, na wapo wasiopata kitu. Robo saa kila siku, kwa wiki sita, macho yasitoke kwenye kioo. Akiruka siku anarudi nyuma. Baada ya wiki sita aje, na kama hakuna nafuu ndipo wazungumze tena na daktari habari ya kisu.

"Kioo kirefu mnacho nyumbani?"

"Tunacho," alijibu Agustino upesi.

Juliana alimgeukia taratibu, kama mtu anayesikia mlio wa nyoka.

Kioo cha Agustino kilikuwa cha kunyolea ndevu, ukubwa wa kiganja, na ufa juu. Kioo kirefu pale nyumbani kilikuwepo, ni kweli, kimoja tu, na kwake kilikuwa kama kiko mwezini. Kilikuwa kwenye mlango wa kabati la Eva.

Eva alikuwa mke wa Maximilian, yaani Maxi, ameolewa mwaka uliopita kutoka Dongobesh. Kwao walimleta na kabati la plaiwudi la mlango mmoja, na mlango wote kioo kuanzia juu mpaka chini. Siku lilipoteremshwa kwenye pikapu, akina mama walipiga vigelegele huku kila mmoja akijiangalia kiuno. Kabati likaingia chumbani kwa Eva, kwenye nyumba mpya ya Maxi ng'ambo ya uwanja, na kwa Agustino hadithi yake ikaishia hapo. Baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe hata nyumba ikiungua. Atasimama nje amwage maji dirishani. Haombi kitu cha chumbani mwake. Na goti lake mke wa mwanawe halioni. Eva mwenyewe alipomletea chai aliiweka juu ya kigoda, akasema "Baba, chai," akaondoka bila kumtazama usoni.

Maxi alikwenda Katesh kutafuta kioo dukani kwa Halfani. Halfani alimwambia kikubwa alicho nacho ni cha ukubwa wa sinia. Vile virefu huagizwa Arusha, na mara ya mwisho aliagiza viwili, vikafika vipande vingi.

Kwa hiyo Agustino alijifungia na kioo cha ndevu. Akakishika mkono mmoja, akakiinamisha, akakiinua, akafanikiwa kukiona kidole gumba peke yake. Basi akapata nafuu ya kidole gumba. Vile vinne vikakasirika.

"Mazoezi yanaendeleaje?" aliuliza Juliana.

"Vizuri sana."

"Naona. Usiku meno yako yanasaga mahindi bila mashine. Baba Maxi, mficha uchi hazai. Mwambie mtoto akupe kabati."

"Mke wa mwanangu nimwambie nini? Niazime kabati nikavue suruali?"

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo.

Jumatatu ya wiki ya pili, asubuhi upepo wa baridi ukipiga, Agustino alikuwa kwenye benchi lake ukutani akiota jua. Akaona kabati linatoka nje ya nyumba ya Maxi. Mbele analibeba Eva, nyuma Juliana, wote wanahema. Wakavuka uwanja, wakalitua hatua tatu kutoka kwenye benchi.

"Kunguni!" Juliana alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Kabati limeingia kunguni. Linaanikwa."

"Poleni," alisema Agustino, akitazama kuku kwa heshima.

Eva aliufungua mlango wa kabati wazi kabisa "upepo upite", akachukua jembe, akaondoka na mama mkwe wake kwenda shambani. Maxi alishaondoka. Uwanjani kote alibaki yeye, jua, kuku, na kioo kirefu.

Siku hiyo alikaza macho kwenye uzio. Siku ya pili kabati lilitoka tena, akajiambia kunguni wa siku hizi ni wagumu. Siku ya tatu alichungulia njia ya shambani, akachungulia ya kwa jirani, akaburuta benchi.

Mlango wa kabati uliofunguliwa ulikuwa kama umetengenezwa kwa kazi ile. Aliuingiza katikati ya mapaja, mguu wa kulia upande wa kioo ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda, kipande cha kushoto upande wa nyuma. Kwa mbali ungesema kabati linamzaa mzee mwenye ndevu. Akapandisha suruali, akatazama, na mguu ukarudi.

"Karibu," aliuambia, kisha akaona aibu.

Adui wake alikuwa jogoo. Jogoo alimwona jogoo mwingine mle kwenye kioo, mwenye shingo nene kama yake, akaanza vita. Kila vidole vya kushoto vilipokaribia kunyooka, jogoo aliruka katikati na mbawa na matusi. Hilda alisema macho yasitoke kwenye kioo. Hakusema lolote kuhusu jogoo. Kesho yake Agustino alimfunga kamba mguuni kwanza, ndipo akaanza mazoezi, na kabla watu hawajarudi akamfungua na kurudisha benchi mahali pake. Alijisikia mwizi. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, anaiba sura ya mguu wake mwenyewe.

Lakini mguu ulimsikia. Wiki ya tatu jiriwa lilikuwa linakuja limelegea. Wiki ya nne alilala mpaka majogoo, na Juliana akamgusa pua kuhakikisha anapumua. Maumivu hayakuisha, ila sasa yalipiga hodi kabla ya kuingia.

Jumapili ya wiki ya tano, baada ya misa, Agustino alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa akimsubiri Juliana. Upande wa pili wa ukuta alisimama Kornelia, mwenyekiti wa jumuiya yao, mwanamke mwenye sauti isiyojua kunong'ona.

"Kabati linaota jua kila siku kama mgonjwa wa malaria! Hao kunguni ni wa ukubwa gani? Kawatoa kwao Dongobesh, anatusambazia. Alhamisi ni zamu yake sala ya jumuiya, nimekwisha kuihamishia kwangu. Mimi kwenye kochi la Eva sikai, nisirudi na abiria kwenye kanga."

Wanawake wakacheka. Mmoja alisema ndiyo maana na mimba haiingii, kitanda kina watu wengi.

Agustino alisikia masikio yanawaka. Kurukwa zamu ya sala kwa bibi harusi wa mwaka mmoja si mzaha. Hilo linabaki mpaka wajukuu. Alifika nyumbani magongo yakichimba ardhi.

"Mama Maxi! Nunueni dawa ya kunguni leo hii. Na kabati lisitoke tena nje. Mnamwaibisha mtoto."

Juliana alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Umewahi kumwona kunguni mmoja?"

"Mimi nitamwonaje, ni wa chumbani kwake?"

"Hata mimi sijamwona. Nyumba ya saruji, kitanda kipya, kunguni atoke wapi? Mwezi mzima tunabeba kabati kama jeneza, kiuno kimeniisha, halafu unatuagiza dawa."

Agustino alikaa chini bila kutafuta kiti.

"Ni yeye aliyebuni," Juliana akaendelea. "Alikusikia ukiugulia. Akaniambia, 'Mama, baba hawezi kuniomba, na mimi siwezi kumpelekea. Lakini kunguni hawana habari ya mkwe.' Na hayo ya Kornelia anayajua, alianza kuyasikia wiki mbili zilizopita, kisimani. Kesho yake alikuwa wa kwanza kushika kabati."

Agustino aliokota harage lililodondoka nje ya ungo, akalirudisha.

Hesabu ya kichwani mwake haikuwa nzuri. Kabati likirudi ndani, wiki ya mwisho imekufa, na labda goti pamoja nayo. Likiendelea kutoka huku yeye amenyamaza, Eva ni mama kunguni maisha yake yote. Akisema ukweli, Gehandu nzima itajua kwamba mzee Qamara, mlimaji wa mistari iliyonyooka, hukaa paja wazi mbele ya kabati la mke wa mwanawe akizungumza na mguu.

Alilala na fikira hiyo. Siku hiyo kidole hakikumuuma hata kidogo, na hilo lilimuudhi zaidi, maana alikosa kisingizio.

Asubuhi alimtuma Maxi kwa Kornelia: sala ya Alhamisi iko palepale kwenye zamu yake, kwa Eva, uwanjani, na baba wa nyumba atakuwa na neno.

Alhamisi walikuja wote. Mwanamke haachi kwenda mahali palipo na kunguni na neno. Walikataa mabenchi, wakasimama wamekusanya kanga zao magotini. Kabati lilikuwa limetolewa, mlango wazi, na mbele yake alikaa Agustino amepandisha suruali pande zote mbili. Eva alipoliona paja la baba mkwe wake alijifunika kanga usoni, akakimbilia jikoni.

"Yesu na Maria," alisema Kornelia. "Baba Maxi, una nini?"

"Nafanya mazoezi. Njoo upande huu."

Kornelia alizunguka, akasimama upande wa kioo, akarudi nyuma hatua mbili. "Mguu umerudi!"

"Zunguka tena."

Alizunguka. "Haupo!" Akarudi. "Upo!" Mwishoni alikwenda na kurudi mara nne, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake.

Agustino hakuangalia mtu. Macho yalikuwa kwenye kioo, kama alivyoagizwa. Alivikunja vidole, akavikunjua, na huku akizungumza. "Hospitali walitaka nitazame kioo kirefu kila siku la sivyo goti langu liko mashakani. Kioo kirefu hapa ni hiki. Mimi nilikuwa nimekaa na heshima yangu, naelekea kukatwa. Mtoto huyu akasema ana kunguni. Mtafuteni kunguni humo. Kornelia, chukua mti, pekua."

Kornelia alichukua mti wa ufagio, akapekua kweli. Akaingiza kwenye kona, akagonga plaiwudi, akanusa. Alitoka na kifungo cha shati.

"Hakuna," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Kunguni ni mimi," alisema Agustino. "Mwezi mzima mimi ndiye ninayeanikwa hapa. Mwenye hofu ya kubebeshwa, arudi nyumbani kwake. Wengine tusali."

"Na mambo ya mkwe, Baba Maxi? Paja wazi hivi?"

"Mkwe nimemheshimu mpaka ikabaki kidogo niilipie heshima hiyo kwa goti. Mguu ninao mmoja na nusu, Kornelia. Siwezi kumheshimu zaidi ya hapo."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, halafu wote, hata Juliana aliyekuwa amekaza uso. Kornelia aliachia kanga yake ikashuka, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa jikoni. "Eva, mwanangu, toka. Umenitia dhambini na mimi ndiye mwenyekiti. Toka utupe mahali pa kukaa." Kisha akakaa, si kwenye benchi, bali ndani kwenye kochi lenyewe, katikati, akajiegemeza ili kila mtu aone. Sala ikasaliwa mlango wa nyumba ukiwa wazi.

Eva alipopita na chai, Agustino alikuwa ameteremsha suruali. Kwa miezi yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina.

"Eva."

"Abee, baba."

"Kesho mtanianika saa ngapi?"

Eva alitazama chini, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Saa nne, baba. Umande ukikauka."

Wiki iliyofuata, katika chumba cha Hilda, daktari alibonyeza kipande cha mguu juu na chini. Akauliza habari za maumivu.

"Yanakuja siku mojamoja, hayakai," alisema Agustino. "Kidole gumba ndicho kikaidi."

"Na kukatwa? Ulikuja na haraka."

"Daktari, hilo tuliache. Goti nina kazi nalo mvua zikianza."

Daktari aliandika, akaondoka. Hilda alileta beseni la maji ya vuguvugu na bandeji za plasta, akaanza kuzungusha kwenye kile kipande kutoka chini kupanda, ili ipatikane kalibu, umbo la kutengenezea mguu mpya. Plasta ilikuwa na joto. Agustino aliliangalia goti likitokeza juu yake, jeusi, la makovu, la kwake. Akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Mzee," alisema Hilda, "tulia basi, haijakauka."